Mama Mkwe na Watangazaji wa Farasi

Mtangazaji wa mbio za farasi anayeanza kupiga kelele geti likifunguka tu hajui kazi yake. Nimelisema hilo miaka mingi, nimelisema mbele ya wanaume walionicheka, na leo nalisema tena. Watu huniuliza mimi, mama lishe wa Bariadi, nimeyajulia wapi mambo ya farasi wakati wilaya nzima haina hata mmoja. Ni kweli haina. Sijawahi kumgusa farasi, wala sijui ananukaje. Lakini nimewatazama wakikimbia jioni nyingi sana, na nimewasikiliza kwa makini watu wanaolipwa kuwazungumzia. Maoni yangu juu ya watu hao sikuyaazima kwa mtu.

Yalianza bila mpango. Mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba. Serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi, malori yao yakaingia mpaka vijijini, ushirika ukayumba, na mume wangu akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake hakukipeleka kwenye ng'ombe kama kaka yake alivyomshauri. Alinunua jenereta, televisheni na dishi la wavu, pana kiasi kwamba ukililaza chini lingetosha kuanikia mtama wa nyumba nzima. Akalisimamisha nyuma ya mgahawa wangu, jirani na stendi. Wazo lake halikuwa baya: watu waje kutazama mpira wa Ulaya, na wakija watakula.

Fundi kutoka Mwanza alilizungusha lile dishi kutwa. Mpira haukupatikana. Mpira ulitaka kadi ya kulipia kila mwezi, na kadi zilikuwa Dar es Salaam. Tulichopata bure ni mahubiri ya lugha tusizozijua, nyimbo, na kituo kimoja cha Uarabuni kilichoonyesha farasi. Alasiri farasi, magharibi farasi. Vijana waliokuja siku ya kwanza walitazama mbio mbili, wakaangua kicheko, wakaondoka. Mume wangu alikaa mbele ya ile televisheni kama mtu aliyefiwa. Baadaye akaingia kwenye biashara ya mpunga, akawa anausafirisha mpaka stesheni ya Malampaka upakiwe kwenye treni. Mimi nikabaki na mgahawa, jenereta na farasi.

Ndipo mama mkwe alipoletwa kutoka kijijini Sola, upande wa Maswa. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilisema madaktari wa macho watakuja, ila haikujua lini, kwa hiyo akabaki kwangu akisubiri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mbishi, aliyekulia kwenye zizi la ng'ombe na kuolewa kwenye zizi jingine. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha mnadani tu; mengine yote aliyasema kwa Kisukuma, nami hapa nayaandika kwa Kiswahili, isipokuwa mayu, yaani mama, nilivyomwita.

Mchana nilimkalisha ndani ya mgahawa ili nimwone huku napika. Alasiri moja wateja walitaka taarifa ya habari, nikawasha, zikatokea mbio. Mama mkwe akainua kichwa.

"Hao ni nini?"

"Farasi, mayu."

"Ni punda?"

"Wakubwa kuliko punda."

"Wanafukuzwa na nani?"

"Hawafukuzwi. Wanashindana."

Akasikiliza mpaka mwisho. Yule mtangazaji Mwarabu alianza chini chini, kama mtu anayesali peke yake. Sauti ikapanda kidogo kidogo, ikapanda tena kwenye kona, na walipobaki wawili wakikazana ikawa kama ya mtu anayeona nyumba yake inaungua na hawezi kuondoka alipo. Hatukuelewa neno hata moja. Zilipokwisha, mama mkwe akashusha pumzi.

"Huyu mtu anawaona kweli," akasema. "Kesho uniambie anachokiona."

Kesho yake nikajaribu. Nikiwa nimeshika mwiko, nikamwambia, "Mweusi yuko mbele, mayu."

"Weusi ni wengi duniani. Mweusi namna gani?"

"Mweusi tu."

"Basi huoni, unatazama."

Hapo akanikera, na ni kukereka huko kulikonifundisha. Nikaanza kuwatazama farasi kama baba yangu alivyonifundisha kutazama ng'ombe kule Lagangabilili nilikozaliwa: mwenye paji jeupe, mwenye soksi mguu mmoja, mwekundu wa udongo, mwekundu wa damu, mwenye rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kisukuma kina jina kwa kila ng'ombe wa namna hiyo, nami nikawapa farasi wa Uarabuni majina yale yale. Mama mkwe alizishika mbio nzima kichwani kwa majina hayo. Nikikosea, nikasema aliyekuwa wa nne sasa ni wa pili bila kusema alipopitia, alinikatisha: "Ameruka juu ya wenzake?"

Wateja wakaanza kuchelewa kuondoka. Kwanza walikaa kumcheka bibi kizee anayeulizia farasi, halafu wakaanza kushabikia. Madereva wa malori ya pamba wakawa na farasi wao, wauza mitumba na wao. Sikuruhusu kamari, na hilo nitalirudia mpaka nife, kwa sababu baadaye nilisingiziwa. Waliobishana walibishana kwa mdomo.

Sasa niseme juu ya watangazaji wenyewe. Wa kwanza ni huyo aliyeanza chini chini. Mpaka leo sijamsikia wa kumfikia. Alijua kuwa mbio zina tumbo na zina kichwa, na kwamba ukimaliza pumzi tumboni, kichwa kitapita ukiwa bubu. Mama mkwe alimpenda kama mtoto wake. Akikosekana siku moja, akawekwa kijana mwenye sauti nyembamba, mama mkwe alikunja uso na kusema, "Huyu anachunga mbuzi."

Wa pili ni yule wa studio, mwenye kanzu nyeupe, kilemba na ndevu zilizochongwa, aliyekaa na wenzake wawili kueleza mbio kabla na baada. Wachambuzi, ndivyo wanavyoitwa. Sisi huku neno kuchambua tunalijua kwa pamba: unatoa mbegu, unabakiza nyuzi, na kazi inaonekana kwa macho. Hawa walichambua mpaka hakikubaki kitu. Kabla ya mbio walionyesha kidole farasi huyu. Baada ya mbio, ameshinda mwingine, wakatikisa kichwa kana kwamba walijua tangu alfajiri. Huhitaji Kiarabu kuelewa uso wa mtu anayejifanya hakukosea. Nimeuona uso huo kwa mabwana shamba, kwa viongozi wa ushirika, na siku hizi nauona kila jioni kwa wachambuzi wa mpira wa vituo vyetu, vijana wa suti zinazobana, wanaobonyeza kioo na kuchora mishale. Mchambuzi ni yule anayesema "nilikosea" walau mara moja kwa wiki. Wengine ni wapiga soga waliopakwa poda.

Wa tatu ndiye niliyemheshimu kuliko wote, na alikuwa mwanamke. Mzungu, si kijana, kofia pana, kipaza sauti mkononi. Huyu hakukaa studio. Alishuka waliko farasi, akapita kati yao wanatoka jasho, akamwendea mpanda farasi aliyeshinda, akamuuliza huku mnyama bado anahema. Kabla ya kuuliza, alimgusa farasi shingoni. Kila mara. Madereva walimcheka. Walisema amewekwa pale kwa ajili ya kofia.

"Kofia yake ina nini?" nikawauliza. "Yule wa ndevu mbona hammcheki kilemba?"

"Mama, farasi ni mambo ya wanaume."

"Wa kwenu wako wapi, hao farasi wa wanaume wa Bariadi?"

Walicheka, lakini siku hiyo walilipia chai wakatoka mapema.

Madaktari wa macho walikuja mwishoni mwa kiangazi. Mama mkwe alipasuliwa jicho la kulia, na walipomfungua bandeji alitaka kurudishwa mgahawani kabla hata ya kula. Nikawasha jenereta. Akawatazama farasi muda mrefu.

"Miguu hii!" akasema. "Kama ya korongo. Itavunjika."

Halafu akaonyeshwa yule mtangazaji wake mpendwa, maana mara chache walimwonyesha akiwa na miwani ya kuonea mbali. Alikuwa mtu mfupi mnene mwenye upara.

"Ndiye?"

"Ndiye, mayu."

"Nilipokuwa sioni alikuwa mrefu," akasema, na akaomba uji.

Alivyopona, nilitegemea atataka kurudi Sola. Hakutaka. Alisema jicho la kushoto nalo linasubiri madaktari, lakini sote tulijua kinachomweka. Ndipo mwanawe mkubwa, shemeji yangu, alipokuja kumchukua.

Shemeji alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala na wa ng'ombe, na sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Aliwalea wadogo zake baba yao alipofariki. Lakini alizoea kusema jambo likawa. Aliingia mgahawani alasiri, mbio zimepamba moto, mama yake amekaa mbele na wanaume wa malori wamesimama nyuma yake, mimi natangaza. Hakusalimia. Akatoka mlango wa nyuma akazima jenereta.

Nikasikia mafuta yakitokota jikoni.

"Mama, jiandae," akasema aliporudi. "Basi la Maswa bado lipo stendi."

Mama mkwe akauliza, "Nani ameshinda?"

"Mama, nasema jiandae. Watu wa kijiji wanasema umekalishwa kwenye kamari. Umri wako huu, mbele ya wanaume, unashangilia wanyama wa shetani."

"Nimewahi kucheza kamari?"

"Nasema wanavyosema."

"Sikuulizi wanavyosema. Wewe unasemaje?"

Shemeji alinigeukia mimi. "Wewe ndiye umeleta haya. Mwanamke unapiga kelele mbele ya wanaume kama mnadi wa ng'ombe. Mdogo wangu akirudi nitamwambia."

Niliogopa, sitadanganya. Yeye ndiye aliyesimamia mahari yangu. Lakini nilikuwa nimeacha mbio kwenye kona ya mwisho, mwenye paji jeupe akiwa wa pili na anakuja. Nikaweka mwiko chini, nikapita mbele yake, nikatoka nje, nikavuta kamba ya jenereta. Haikuwaka. Nikavuta tena. Ikawaka.

Niliporudi nikamwambia, "Mwambie, shemeji. Yuko Malampaka, keshokutwa anarudi. Mwambie pia mama hajakosa chakula hapa hata siku moja, na kamari haijachezwa hata siku moja. Ukitaka kukaa, kaa. Wali upo."

Hakukaa. Alilala kwa jamaa zake mjini, akamsubiri mume wangu. Siku alipofika, vumbi la Malampaka bado liko kwenye nyusi, wakakaa wote watatu uani: mama na wanawe wawili. Mimi sikuitwa. Nilisimama jikoni nikikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Shemeji aliongea muda mrefu. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno, hata kiwanda kilipomwachisha hakusema zaidi ya "haya." Kaka yake alipomaliza, nilisikia akisema, "Kaka, mama amesemaje?"

"Mama ni mtu mzima, anahitaji kuongozwa."

"Amesemaje?"

Mama mkwe akasema, "Nimesema nakaa."

"Basi amesema," mume wangu akajibu.

Ni hivyo tu. Lakini lilikuwa na gharama yake. Shemeji aliacha kuja. Maziwa mgando aliyokuwa akituletea yakakoma, na mahindi tuliyokuwa tukipewa shambani mwa ukoo msimu ule hatukupewa. Mume wangu alilipa lile neno moja kwa miaka, na hakuwahi kunilaumu. Nilimpenda zaidi baada ya siku ile kuliko siku ya harusi.

Sasa zikaja mbio za baiskeli. Miaka ile kila kampuni ilitaka kujulikana, na ukitaka kujulikana kwa Wasukuma unaandaa ngoma au mbio za baiskeli. Kampuni moja ya vinywaji ilikuja na lori lenye spika ubavuni, wakaleta na mtangazaji wao kutoka Mwanza, kijana wa miwani myeusi. Wanaume walitumwa mpaka Lagangabilili na kurudi; wanawake walipewa njia fupi zaidi, kutoka nje ya mji na kuingia uwanjani. Mji mzima ulikuwa pale. Mama mkwe nilimpeleka na kigoda chake.

Kwa wanaume, yule kijana alijitahidi, ingawa alitaja kinywaji mara nyingi kuliko waendeshaji. Wanawake walipoanza kuingia, akabadilika. Akaanza kusema juu ya makalio. Akaanza kusema baiskeli zinaonewa. Watu wakacheka, na katika kicheko kile hakuna aliyejua nani yuko mbele. Wanawake wale walikuwa wamelima asubuhi kabla ya kuja. Mmoja nilimfahamu kwa sura, alinyonyesha mtoto akamkabidhi dada yake ndipo akapanda.

Nilijikuta nimefika kwenye lori. "Baba," nikamwambia yule kijana, "nani wa pili?"

"Nini?"

"Nakuuliza wa pili ni nani. Wa kwanza umemsema kiuno, wa pili hujamsema kabisa."

Akacheka ndani ya kipaza sauti. "Jamani, hapa kuna mama mtaalamu! Haya mama lishe, tutangazie!" Akaniinamishia kipaza sauti apate kuwachekesha watu. Nikakichukua, nikakitoa mkononi mwake.

Spika zikalia fiii. Watu wakaziba masikio. Mwanzo wangu ulikuwa mbaya: nilisema wa mbele ni mwenye sketi nyekundu, kumbe nyekundu walikuwa wawili, na umati ukanizomea. Nikafikiri, basi huoni, unatazama. Nikatazama upya. Nikaanza kwa Kisukuma, chini chini, kwa majina yale ya ng'ombe, maana majina ya wanawake wale sikuyajua na mtangazaji hakuwa nayo: huyu mwenye kilemba cha madoadoa, huyu mwekundu wa udongo, huyu wa majivu anayekuja ubavuni, mwacheni njia, anakuja. Uwanja ukatulia. Halafu ukaanza kuitika.

Wa majivu alikuwa peku, juu ya baiskeli ya kiume ambayo kiti chake kimefungwa kwa mpira wa tairi. Alikuwa amemfikia wa pili, mbele ya lori kabisa, mnyororo ukachomoka. Nilimwona akishuka. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Mnyororo," na uwanja mzima ukasikia. Nikanyamaza. Hakuugusa mnyororo. Alishika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine akaanza kukimbia akiisukuma, khanga imefunguka, wenzake wanampita mmoja mmoja. Ndipo nikapandisha sauti, kwa sababu sasa kulikuwa na la kusema. Mshindi alikuwa amekwisha kufika, nami nilimtangaza kama inavyostahili, sikumnyima. Lakini watu waliingia uwanjani kumlaki yule wa kukimbia, akamaliza wa tano, akaanguka juu ya baiskeli yake akicheka na kulia.

Mtangazaji alininyang'anya kipaza sauti chake. Bwana wa kampuni, mtu wa adabu mwenye fulana ya kola, akanivuta pembeni. "Mama, umechangamsha sana. Ila kazi hii inataka sauti ya kuuza. Sauti ya kike kwenye michezo haiuzi."

"Mimi sikuwa nauza," nikamwambia. "Nilikuwa natangaza."

Akatabasamu kama wanavyotabasamu. Akanipa soda. Niliinywa, nilikuwa na kiu.

Njiani kurudi nyumbani nilingoja mama mkwe anisifu. Alitembea na fimbo yake hatua nyingi.

"Ulianza vibaya," akasema hatimaye.

"Nilizomewa, mayu, nimesikia."

"Na wa mwisho hukumtaja. Kuna mwanamke aliingia watu wamekwisha kusambaa. Yeye naye alitoka nyumbani kwake."

Nikamwambia hakuna mtangazaji duniani anayetaja wa mwisho, hata yule wake wa upara hataji. Akasema basi yule wa upara naye ana kasoro. Tulibishana mpaka mlangoni, na mpaka leo nadhani mimi nilikuwa sahihi: mwisho wa mbio ni wa walio mbele. Lakini tangu siku ile, nikitangaza, hungoja wa mwisho aingie ndipo nizime kipaza sauti.

Maana niliendelea. Haikuwa kampuni iliyoniita, walikuwa waendesha baiskeli wenyewe. Walikuja mgahawani wanawake wawili, mmoja wao yule wa mnyororo, wakasema kuna mbio kijijini kwao na wanamtaka mama wa farasi. Nikaenda. Nikaitwa tena kwingine. Nimetangaza kwa spika za kukodi, kwa spika za kanisa, na mara moja kwa mdomo mtupu betri ilipokufa. Wapo walioniita mhuni. Wapo waliomwambia mume wangu anifunge kamba. Aliwajibu, "Amesema anakwenda."

Mama mkwe alifariki huko Sola, alikokuwa amekwenda kusalimia wajukuu wakati wa kuvuna pamba. Kwenye mazishi shemeji alisimama akasoma maisha yake: ndoa, watoto, ng'ombe, ubatizo. Alipofika miaka ya Bariadi, alisema mama katika uzee wake alipotoshwa kidogo na mambo ya mjini, lakini Mungu ni mwenye rehema.

Nilikuwa nimekaa chini na wanawake. Nikasimama. Aliyekuwa kando yangu alinivuta khanga, nikaiachia.

"Hakupotoshwa," nikasema. "Samahani, shemeji, wewe ni mkubwa wangu. Lakini hakupotoshwa. Alifika kwangu haoni, akasikiliza. Alipoona, akaendelea kusikiliza. Alikuwa na furaha. Hilo nalo lisomwe."

Mchungaji akakohoa. Shemeji alikaa na karatasi yake mkononi, na sikujua kama atanifukuza msibani. Mwishowe akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya. Alikuwa na furaha," akaendelea na majina ya wajukuu.

Hatukupatana siku ile, na sitaki mtu afikiri tulipatana. Sasa tunasalimiana, ananiletea tena maziwa mgando, na bado anaamini farasi ni wa shetani. Mimi bado naamini alikosea kuzima jenereta.

Siku hizi Bariadi ni makao ya mkoa, na vibanda vya kubeti vimejaa kote stendi. Ndani yake kuna farasi pia, ila ni wa kuchorwa na kompyuta. Hawatoki jasho wala hawatoi mavi, na sauti inayowatangaza haipandi haishuki, kwa kuwa hakuna mtu ndani yake. Nimeingia mara moja kuwatazama. Vijana wakaniuliza kama nataka kubashiri. Nikawaambia sijaja kubashiri, nimekuja kumsikiliza mtangazaji.

"Mama, huyo si mtu."

"Nimesikia," nikasema. "Ndiyo maana nawaambia hafai."

Wakacheka. Nikawaeleza kwa nini hafai, mbio baada ya mbio, mpaka mwenye kibanda akaja kuniuliza kama nina shida yoyote.